Matundu Manne, Matundu Matano

Katika shule ya msingi niliyofundisha kwa miaka mingi, kule milimani juu ya Soni, kengele yetu ilikuwa rimu ya gari. Ilining'inizwa kwa mnyororo kwenye tawi la mti, na kando yake kikawekwa kipande cha chuma cha kuipigia. Shule nyingi za nchi hii zimekuwa na kengele ya namna hiyo, na kwa hiyo hakuna aliyeishangaa. Siku moja mwanafunzi wa darasa la sita aliniuliza kwa nini rimu ile ilikuwa na tundu kubwa katikati, na matundu matano ya bolti yaliyosukumwa hadi karibu na ukingo, ilhali rimu za magari mengine aliyoyaona sokoni zilikuwa na matundu madogo yaliyokusanyika katikati. Nilimjibu kwamba kila kiwanda kina mtindo wake, kisha nikamwambia arudi darasani.

Jibu lile lilikuwa la kweli lakini halikuwa kamili. Jibu kamili ni refu, na sehemu yake moja ni ya aibu kwangu. Sasa nimestaafu, na aliyedhulumiwa katika jambo hili amekwisha kutangulia mbele ya haki. Naona ni wajibu wangu kuliandika, maana ndani yake mna historia ya miaka tuliyoipitia sote, na mna onyo kwa kila mtu mwenye gari lililozeeka kuliko mfuko wake.

Rimu ile ilitoka kwenye gari la mjomba wangu. Mjomba alikuwa karani wa mahakama kwa maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu, alirudi kijijini na vitu viwili ambavyo watu walimjua navyo: mwandiko wake na Volkswagen yake. Mwandiko wake ulikuwa wa kalamu ya wino, herufi zimelala kidogo kulia, mistari imenyooka hata kwenye karatasi isiyo na mistari. Watu walitoka vijiji vitatu au vinne kuja kuandikiwa barua: za kesi za mashamba, za posa, za kuwaomba wana walioko mijini wakumbuke nyumbani. Malipo yalikuwa mayai, ndizi, au ahsante. Volkswagen nayo ilikuwa ya mwaka 1966, ile yenye umbo la kobe. Aliinunua mkononi kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarejea kwao.

Wasomaji vijana huenda wasijue jinsi gari lile lilivyoheshimiwa. Injini yake ilikuwa nyuma, ikapozwa kwa upepo bila maji, hivyo haikuchemka mlimani kama magari mengine. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kuzipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, magari ya aina hiyo yalishinda zaidi ya mara moja, na ushindi wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1962. Mjomba alipenda kutaja mwaka huo kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

Lakini gari, msomaji, husimama juu ya vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa ardhi kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Kabla sijaeleza yaliyotupata, niseme kidogo mpira huo ulivyotufikia.

Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hauyeyuki kwa joto wala haukauki kwa baridi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, aliandikisha tairi lake la upepo, alilokuwa amelitengenezea baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Kifaransa, akina Michelin, walitia matairi ya upepo kwenye gari la injini na kuliingiza katika mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi. Baada ya hapo dunia nzima ilitaka mpira, na kilio kikahamia Afrika. Katika Kongo iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili tangu 1885 hadi 1908, watu walilazimishwa kuingia msituni kuugema, na waliopungukiwa waliadhibiwa kwa kuchapwa, kuuawa na kukatwa mikono.

Kwetu huku nako mpira ulipita. Wajerumani walipanda mashamba makubwa ya miti ya mpira katika nchi za chini ya Usambara, pande za Muheza. Mwaka 1913 bei ya dunia iliporomoka, kwa kuwa mpira wa mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki ulikuwa mwingi na rahisi zaidi, na mashamba mengi ya kwetu yakageuka kuwa ya mkonge. Nimelikumbuka jambo hili mara nyingi. Wilaya iliyowahi kutoa mpira kwa ajili ya matairi ya watu wa mbali ilikaa, miaka sabini baadaye, ikipanga foleni kwa ajili ya tairi moja.

Kuna kitu kingine katika historia ya gurudumu ambacho hatukifikirii, nacho ni spea. Magari ya kwanza hayakuwa na gurudumu la akiba. Tairi lilipotoboka, dereva alikaa kando ya njia akaliziba papo hapo. Mwaka 1904, katika mji wa Llanelli huko Wales, ndugu wawili wa ukoo wa Davies walianza kuuza gurudumu la akiba lisilo na spoki, lililobanwa ubavuni mwa gurudumu bovu ili gari lifike mjini. Waliliita Stepney, kwa jina la mtaa wao, na hadi leo Wahindi wengi hulitumia neno hilo kwa spea ya aina yoyote. Baadaye ndipo viwanda vilipotengeneza magurudumu ya kufungua kwa bolti na kubadilishana. Tangu hapo spea imesimama juu ya sharti moja: magurudumu yote manne ya gari yawe sawa, ili moja liweze kushika nafasi ya lolote. Sharti hilo likivunjika, spea hubaki mzigo tu.

Nasi tulilivunja. Tusilaumiwe kwa haraka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwishoni mwa 1983. Vita vya Kagera vilianza mwishoni mwa 1978 na kutugharimu fedha nyingi. Mwaka 1979 bei ya mafuta ilipanda tena duniani. Fedha za kigeni ziliadimika, na kila kilichohitaji fedha hizo kiliadimika pia: sabuni, dawa, betri, tairi. Kiwanda cha matairi kilikuwepo Arusha, kimeanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini mahitaji yalizidi yaliyopatikana madukani. Petroli nayo ilikuwa ya kubanwa, na magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Kupata tairi ilikuwa ni kuandika barua ya maombi, kungoja kibali, na kupeleka kibali mahali ambapo huambiwa mzigo umekwisha jana.

Hivyo watu waliungaunga. Tairi likiisha meno lilitembea kipara, likiisha kipara lilitembea na nyuzi nje, na likipasuka lilitiwa ndani kipande cha tairi lingine kama kiraka cha suruali. Likishindikana kabisa, likawa makatambuga miguuni mwa mtu. Nimeona gari la abiria lenye matairi ya aina nne katika pembe zake nne, na dereva wake akilisifu.

Mwaka 1981 Volkswagen ya mjomba iliingia mtaroni, ikavunjika mbele. Vipuri vya 1966 havikupatikana. Fundi wetu, mzee mmoja wa Mombo aliyejifunzia kazi kwenye karakana za reli, alipata mzoga wa Volkswagen nyingine ya mwaka 1970. Ekseli nzima ya mbele ya magari yale hushikwa kwenye fremu kwa bolti kubwa nne. Aliing'oa ile ya 1970 akaifunga kwenye gari la mjomba, ikakaa vizuri. Ila kiwanda kilikuwa kimebadili magurudumu. Gari la 1966 lina bolti tano zilizopangwa katika duara la upana wa milimita 205, ndiyo maana matundu yale yako karibu na ukingo. Kuanzia modeli ya 1968 zikawa bolti nne, katika duara la milimita 130. Kwa hiyo gari la mjomba likawa na matundu manne mbele na matundu matano nyuma. Lilihitaji spea mbili, moja ikikaa mahali pake chini ya boneti ya mbele na nyingine ikikaa kitini kama abiria. Watoto wa kijiji walilicheka. Mjomba alisema ni gari lililooa mitala.

Fundi alitufundisha jambo ambalo sijalisahau. Alikuwa na kopo lililojaa bolti za magurudumu za kila aina. Alichukua mbili, zenye uzito mmoja na nyuzi zile zile, akanipa. "Mwalimu, tazama shingoni," aliniambia. Moja shingo yake ilikuwa ya mviringo kama mpira, nyingine ilichongoka kama pia. Rimu za Volkswagen zina vishimo vya mviringo. Bolti iliyochongoka itaingia, itazunguka, itakaza hadi spana iteleze mkononi. Lakini haikalii kishimo, inakigusa kwa mstari mwembamba tu. Baada ya kilomita kadhaa mstari ule unalika, bolti inalegea, na gurudumu linaanza kucheza. Akasema pia kwamba rimu iliyokataa kuingia haijamdhuru mtu, na kwamba wanaozikwa ni wale ambao rimu zao zilikubali kuingia.

Nilimwelewa kuhusu bolti. Kuhusu matairi sikumwelewa.

Mwishoni mwa 1982 binamu yangu aliyekuwa baharia alirudi na matairi mawili mapya, zawadi kwa mjomba. Hakuna zawadi iliyopokewa nyumbani kwetu kwa vigelegele kama ile. Matairi yetu ya zamani yalikuwa ya ukubwa wa 5.60 kwa 15, na haya mapya yaliandikwa 165 R 15. Nilizungusha utepe wa kushonea wa mkaza mjomba juu ya moja na juu ya jingine, nikaona tofauti ni ndogo mno. Yote yaliingia kwenye rimu zetu za inchi 15, ziwe za matundu manne au matano. Kwa macho yangu, tatizo lilikuwa limekwisha.

Fundi aliposoma ile herufi R alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya yafungwe nyuma."

Nikabisha. Wakati huo macho ya mjomba yalikuwa yamepungua nguvu na mimi ndiye niliyekuwa dereva wake, na tena nilikuwa mwalimu, mtu wa kujua. Nikamweleza fundi kwamba magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari, ndiyo yanayokata kona, na yakipasuka mtu hupoteza usukani. Kwa hiyo yaliyo bora lazima yawe mbele. Fundi alirudia, "Mwalimu, nyuma." Hakuwa na maneno ya kunishinda, nami nilikuwa nayo mengi. Mjomba alinitazama, akasema, "Mwalimu ndiye anayeendesha." Yakafungwa mbele.

Acha nieleze sasa kile ambacho fundi alikijua kwa mikono na mimi nilikuja kukisoma baadaye. Tairi si mpira mtupu. Ndani yake mna matabaka ya nyuzi. Katika matairi ya kale nyuzi hizo zimelazwa kwa mshazari, tabaka moja likielekea huku na jingine kule, kama ukili wa mkeka. Tairi la namna hiyo ni gumu ubavuni, na likisukumwa pembeni kwenye kona, uso wake huinuka na kujikunja. Mwaka 1946 Michelin waliandikisha tairi la namna nyingine, likaanza kuuzwa mwaka 1949: nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, kisha juu yake, chini ya meno, unafungwa mshipi mgumu. Ubavu ni laini, unapinda, lakini uso unabaki umelala barabarani na kushika. Hilo ndilo tairi la herufi R. Ni bora kwa karibu kila jambo, na leo magari madogo karibu yote yanalitumia.

Hatari iko katika kuyachanganya. Ukiweka lenye kushika mbele na lenye kuteleza nyuma, kwenye kona pua ya gari inatii na mkia haufuati. Mbele ikiteleza, dereva huhisi mikononi: usukani unakuwa mwepesi, gari linakwenda mbele zaidi ya alivyotaka, naye akipunguza mwendo hurudi njiani. Mkia ukiteleza hakuna taarifa, na dereva akiondoa mguu kwenye mafuta kwa hofu anazidi kuuachia. Ndiyo maana sheria za Uingereza za mwaka 1986 zinakataza gari la kawaida lenye ekseli mbili kufungwa matairi ya R mbele na ya mshazari nyuma, na pia kuchanganya aina hizo mbili kwenye ekseli moja. Kinyume chake, R nyuma na mshazari mbele, kinaruhusiwa. Fundi wa Mombo alikuwa sahihi.

Na Volkswagen ilikuwa na sababu zake za ziada. Uzito wake uko nyuma, kama jiwe lililofungwa kwenye ncha ya kamba. Ekseli zake za nyuma za wakati ule zilipinda karibu na gia boksi tu, kiasi kwamba mkia ukinyanyuka kwenye kona, magurudumu ya nyuma hujikunja chini ya gari na kushika kidogo zaidi. Waliolitengeneza walilijua hilo, na wakaagiza upepo usiwe sawa: paundi 16 hivi mbele, paundi 24 hivi nyuma. Upepo mdogo wa mbele uliifanya pua iteleze kabla ya mkia, ili dereva apate onyo. Mimi, kwa kuyaonea huruma matairi mapya, niliyajaza yakalingana na ya nyuma. Hivyo nililiondoa onyo la mwisho lililokuwa limebaki. Hayo niliyafanya kwa pampu yangu mwenyewe, uani kwetu, nikiwa na furaha.

Ilikuwa wakati wa masika, mwaka 1983. Tulikuwa tunashuka Mombo, mimi na mjomba, ili kutoka pale aende Korogwe kufuatilia pensheni yake. Anayeijua njia ya Soni hadi Mombo anajua kwamba ni kona juu ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, maji ya maporomoko yakisikika chini. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Sikuwa nakimbia. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikuwa nakimbia, na kila mara najibu hivyo hivyo. Katika kona moja nilikata usukani, pua ikageuka vizuri mno, kwa utii, na mara nikahisi kiti kinanivuta pembeni. Nikaondoa mguu kwenye mafuta. Mkia ukatangulia, gari likazunguka kama pia, nikauona mlima, nikaliona bonde, nikauona mlima tena, kisha tukagonga ukuta wa udongo kwa nyuma.

Tuligonga upande wa mlima. Ingekuwa upande wa pili, nisingekuwa naandika haya.

Mimi sikupata hata mkwaruzo. Mjomba alikuwa ameshika kwa mkono wa kulia kile kishikio kilicho mbele ya abiria. Gari lilipogonga, mwili wake ulikwenda upande mmoja na kiganja kikabaki kimeshika. Mfupa wa kifundo ulivunjika. Ulifungwa, ukaunga, lakini haukuunga sawa, na vidole viwili havikurudi kukunjika vizuri tena.

Hakuandika tena kwa mwandiko ule. Alijaribu. Nilimwona barazani jioni na kalamu na karatasi ya kaunda, akiandika jina lake kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha akaikunja karatasi akaitia mfukoni asije mtu akaiona. Watu walipokuja kuandikiwa barua, aliniita. Yeye alitamka, mimi niliandika. Kwa miaka sita, hadi alipofariki mwaka 1989, nilikuwa mkono wa mjomba. Nilijifunza huko jinsi barua inavyopaswa kuanza na jinsi ya kumwombea mtu radhi bila kumdhalilisha.

Yeye mwenyewe hakunilaumu kamwe. Kila aliyeuliza alimwambia, "Barabara ilikuwa na utelezi." Nami nilikaa pale nikasikia na nikakubali, mwaka baada ya mwaka, kwamba barabara ilikuwa na utelezi. Fundi wa Mombo alikuja kutoa pole. Aliyatazama matairi ya mbele, mapya kabisa, akayatazama ya nyuma, kisha akazungumza habari za mvua. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kama angenitukana. Nilipomtembelea baadaye peke yangu nikamwuliza alijuaje, alinijibu kwamba karakanani waliambiwa hivyo na msimamizi wao, nao hawakuuliza sababu, ila kila gari lililokwenda kinyume alilishuhudia likirudi limebebwa.

Gari liliuzwa vipande vipande. Niliomba nibakiziwe rimu moja ya nyuma, ya matundu matano, nikaipeleka shule.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na polepole matairi yakarudi. Shida ile vijana wa leo hawaijui, lakini tabia ya kuungaunga haikwenda nayo. Imebadili sura tu. Zamani tulichanganya magurudumu kwa kukosa; siku hizi tunachanganya kwa kupata, maana magari yaliyotumika yanashuka bandarini kutoka kila upande, na rimu za kupendeza zinapangwa kando ya barabara kama maembe. Kwa hiyo naomba ruhusa ya kuandika yale ambayo ningetamani kuyasikia nilipokuwa na umri wa miaka thelathini.

La kwanza ni duara la bolti. Usikubali "inakaribia". Kuna magari yenye duara la milimita 98 na mengine la 100, yote ya bolti nne. Bolti mbili za kwanza huingia kwa urahisi na nyingine huingia kwa kulazimishwa, zikikaa zimepinda. Magari mengi ya Kijapani yana duara la milimita 114.3, namba inayoonekana ya ajabu mpaka ujue kwamba ni inchi nne na nusu kamili. Vipimo vina ukoo wao, na havibembelezwi.

La pili ni shingo ya bolti au nati, kama nilivyoonyeshwa, na tundu la katikati la rimu. Kama tundu hilo ni kubwa kuliko haba, tafuta pete ya kujaza nafasi. Kaza bolti kwa kuvukana, si kwa kufuatana, na baada ya safari ya kilomita hamsini au mia uzikaze tena.

La tatu ni kimo. Chukua mfano: tairi la 165/80 R 15 lina urefu wa ubavu wa milimita 132, ukizidisha kwa mbili na kuongeza rimu ya milimita 381, kimo chote ni milimita 645. La 185/65 R 15 linafika milimita 621 na nusu tu. Yote mawili yanaingia rimu ya inchi 15, lakini la pili ni fupi kwa karibu asilimia nne. Ukiyaweka pamoja kwenye ekseli moja inayosukumwa na injini, difu haipumziki hata kwenye barabara iliyonyooka. Na kwa gari linalosukumwa magurudumu yote manne, hata tofauti ya mbele na nyuma huumiza mashine.

La nne ni umri. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno yote na likawa limezeeka ndani.

La tano nitaliandika kwa ufupi, maana nimekwisha kulilipia. Kama una fedha za matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma, hata kama gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele. Watengenezaji wa matairi wenyewe wanashauri hivyo hadi leo, kwa sababu ile ile.

Mwaka jana mjukuu wangu alikuja kunisalimia na gari lake dogo la mkononi. Alikuwa amenunua matairi mawili njiani, yamefungwa kwa kamba juu ya gari, na alikuwa anakwenda kuyatia mbele. Nilimwuliza kwa nini mbele. Akanieleza kwa ufasaha kabisa kwamba magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari na ndiyo yanayokata kona. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha nilimwambia akae, nikampa chai, nikamweleza habari za babu yake mkubwa aliyekuwa na mwandiko mzuri. Sikuwahi kumweleza mtu kabla ya siku ile. Alipokwisha kunywa chai tulitoka nje pamoja, nikamshikia jeki, akayafunga nyuma.